Shujaa wa Theluji Apiga Kambi Loresho

Loresho hadhi ya mtu haipimwi kwa gari, maana gari laweza kuwa la mkopo, la kampuni, au la shemeji aliyesafiri. Hadhi iko kwenye fensi. Wenye kayaba, ule mti wa miiba usiomruhusu hata paka kupita bila kuacha manyoya, ni wakongwe waliofika zamani na hawana haja ya kumwonyesha mtu chochote. Wenye ukuta wa mawe na nyaya za umeme juu wamekuja juzi, na wanataka ujue. Katikati yao tuko sisi wenye waya uliolegea, bogenvilia iliyojiotea, na haibiskasi nyekundu getini ambayo hakuna anayejua ilipandwa na nani.

Haibiskasi hiyo acha niieleze kidogo, kwa sababu kwetu haijawahi kupewa nafasi ya kuelezwa. Kila Machi, kabla ya mvua za masika, mtu wetu wa shamba huishukia kwa panga bila salamu. Soja huitundikia koti na redio. Mbwa wa jirani wanajua wenyewe wanachoifanyia. Kuna lori la mchanga lililorudi nyuma likaikalia mchana kutwa, dereva akiwa amekwenda Kangemi kutafuta chakula. Katika ukame wa 2022, wafugaji walipoingiza ng'ombe Nairobi kufuata nyasi za kando ya barabara, kundi moja lilipita kwetu likaitafuna hadi ikabaki kisiki. Mvua kidogo ilipodondoka ikachipuka, ikachanua, ikaendelea na kazi. Watoto huyachuma maua yake wakanyonya utamu ulio kitakoni, kisha wakabandika petali kwenye kucha na kuanza kuagizana chai kimadam. Samadi haijawahi kuiona. Kwa jina la nyumbani inaitwa "hiyo kitu ya getini."

Basi kwa miaka mingi mke wangu alikuwa akitamani haibiskasi.

"Lakini tunayo," nilimwambia.

"Ile si haibiskasi. Ile ni fensi."

Haibiskasi aliyoitaka inaishi Minnesota, Marekani, kwa mdogo wake. Kila Agosti mdogo mtu huyo hutuma picha: ua moja, na mkono wake umetandazwa kando ili tusije tukasema kamera imekuza. Mkono wenyewe unaonekana wa mtoto. Ni maua yanayofika sentimita 25 kutoka ncha hadi ncha, mengine meupe yenye moyo mwekundu, mengine ya waridi, mengine mekundu mpaka unahisi joto. Chini ya picha huongeza maneno machache ya unyenyekevu: "Mwaka huu hayakufanya vizuri sana." Ikifika Januari hutuma picha ya mahali palepale, theluji imepanda hadi dirishani, mmea hauonekani hata kijiti. Anaeleza kwamba hufa wote hadi usawa wa ardhi, majirani wageni humpa pole, halafu mwishoni mwa Mei, mimea mingine ikiwa imeshachipua zamani, huo ndio kwanza unachungulia. Kufikia Agosti umesimama mita moja na zaidi.

Mtu mwingine angeona hizo ni habari za bustani. Mke wangu ni kifungua mimba. Kwake zilikuwa habari za mtoto wa pili kujisahau.

Kuletewa mbegu ndani ya sanduku la nguo alikataa, na hapo ninampa heko. Mbegu na miche haviingii nchini bila kibali cha KEPHIS, shirika la serikali linalokagua afya ya mimea, na mke wangu huogopa fomu za serikali hata asizotakiwa kuzijaza. Akangoja. Na upande huu wa magharibi wa Nairobi, anayengoja hufika. Mbali na masika na vuli, tuna msimu wa tatu: msimu wa wageni kuhama. Mwezi wa Juni na wa Julai mikataba inaisha kule Gigiri, shule za kimataifa zinafunga mwaka, na kila Jumamosi kuna geti la Kitisuru au la Kyuna lililo wazi, nyasi zimefunikwa na mali: friji, baiskeli, vitabu vya kupunguza tumbo, mbwa mzee anayetafutiwa familia. Mke wangu alikwenda kutafuta kabati la vitabu. Alirudi na chungu cha maua kimekaa kiti cha mbele, kimefungwa mkanda. Kabati halikutajwa tena.

Ndani ya chungu kulikuwa na vijiti vinne vyenye majani, na kibao cha plastiki. Wakati wa chakula cha jioni kibao kilisomwa kwa sauti. Jina: Hibiscus moscheutos. Sifa: sugu. Hustahimili baridi ya hadi nyuzi 34 chini ya sifuri.

"Loresho," nikauliza, "baridi ya namna hiyo tutaitoa wapi?"

"Kesho huijui," akajibu, akageuza kibao kuona upande wa pili.

Upande wa pili ndio uliotuletea shida ya maji. Hibiscus moscheutos kwao ni mmea wa vinamasi na kingo za mito, mashariki mwa Amerika Kaskazini. Miguu yake imezoea tope. Nasi Loresho tuna udongo mwekundu wa mlimani, mzuri sana, tena unaomeza maji haraka na haurudishi hata shukrani. Wenyeji wa Nairobi wanajua kwamba maji yetu mengi husafiri kutoka bwawa la Ndakaini huko Murang'a, na yakishachoka njiani huja kwa mgao. Siku za mgao nyumba yetu ina utaratibu: kwanza ya kunywa, pili ya kupika, tatu vyoo, nne watoto, tano mimi. Haibiskasi mpya iliingia orodhani moja kwa moja nafasi ya tatu. Kuna asubuhi niliyokwenda kazini nimejipangusa kwa kitambaa chenye unyevu, ilhali getini mmea umesimama ndani ya beseni, maji yamefika kifundo cha mguu.

Soja wetu, mtu wa maneno machache, alitazama lile beseni muda mrefu. "Mzee," aliniambia, "hii si ile wanasema inavumilia?"

Sikuwa na jibu. Tangu hapo nimechunguza nikaona kwamba kiumbe chochote kinachotangazwa kuwa hodari huja na masharti marefu. Kipate jua la saa sita kwa siku, lazima. Upepo usikivunje, kwa kuwa majani ni mapana. Mbolea iwe na potasiamu ya kutosha, fosforasi isizidi, maana jamii hii ya mimea hainufaiki nayo. Mke wangu aliyaandika yote hayo kwenye karatasi, akaibandika kwenye friji, mahali palipokuwa na ratiba ya kliniki ya mtoto.

Mtu wetu wa shamba, mzaliwa wa Vihiga, naye alikuwa na maoni yake tangu siku ya kwanza.

"Mama, hii ni bamia."

"Si bamia."

"Ni bamia ya Wazungu."

Alichuma jani, akalisugua kati ya vidole, akavitenganisha taratibu. Uzi mrefu wa utelezi ukavutika, ukang'aa juani. Akanitazama mimi, si mke wangu, kwa macho ya mtu aliyeleta ushahidi mahakamani.

Na ukweli ni kwamba kisayansi alikuwa amesimama mahali pazuri. Bamia na haibiskasi ni ndugu wa karibu. Linnaeus, alipoipa mimea majina mwaka 1753, aliiandika bamia kuwa Hibiscus kabisa, na ni baadaye wataalamu walipoihamishia kwenye jenasi ya Abelmoschus. Ukoo wenyewe ni mkubwa ajabu. Pamba imo. Kakao imo. Mrenda, ile mboga anayoililia mtu wa Magharibi akikaa mjini wiki mbili, imo. Hata mbuyu umo, na unene wake wote. Siku ya kupeleka mahari, ukoo huo ungehitaji trela. Kwa hivyo mtu wetu alikuwa sahihi kwa mujibu wa kitabu cha 1753, na wako mawaziri wanaotegemea takwimu kongwe kuliko hizo.

Kosa lake lilikuwa kuendelea na utafiti. Jumamosi moja tulirudi kutoka sokoni tukakuta vijiti vinne vimesimama uchi, majani yote machanga ya juu yamekwenda. Mke wangu alimlaumu konokono, akamlaumu panya, akaanza kumwangalia mbuzi wa mtu. Soja ndiye aliyemaliza kesi. Alikohoa, akasema kwamba mrenda wa mchana ule ulikuwa na utelezi wa kuridhisha, ingawa yeye binafsi angeongeza magadi.

"Nilikuwa nahakikisha, Mama," alijitetea mtafiti, akirudi nyuma kuelekea stoo. "Sasa najua si bamia."

Hakufukuzwa. Pampu yetu ya maji humtii yeye peke yake.

Majani yalirudi, na mabichi yaliwaita vidukari, wale wadudu wadogo wa kijani wanaojipanga kwenye shina changa wakifyonza utomvu. Mke wangu aliomba ushauri kwenye kundi la WhatsApp la barabara yetu, ambalo kwa kawaida hujadili takataka na mbwa. Ndani ya saa moja tulikuwa na tiba za kutosha kufungua zahanati: maji ya sabuni, majivu, tumbaku, pilipili, mafuta ya mwarobaini, na mtu mmoja aliyeshauri maombi, akaweka namba ya Till. Sabuni isiyo kali iliyoyeyushwa kwenye maji mengi, ukanyunyiza jioni jua likiwa limepoa, hufanya kazi nzuri. Lakini mpwa wangu, aliyekuja likizo na moyo wa kusaidia, aliinyunyizia sabuni ya unga ya kufulia, saa saba mchana, tena akasugua. Vidukari walikufa safi kabisa. Majani yakawa na rangi ya makaratasi ya zamani.

Jirani mmoja alisoma mazungumzo yale akaelewa nusu. Jioni alibisha na mfuko, akaomba maua ya kupunguza presha. Tulimweleza kwamba chai nyekundu inayosifiwa, ile Wasudani wanayoiita karkade na Watanzania rozela, hutokana na spishi nyingine, Hibiscus sabdariffa, na kinachochemshwa ni kile kikombe chekundu chenye nyama kinachobaki petali zikishaanguka. Alisikiliza vizuri sana, akashukuru, akajaza mfuko maua ya getini. Kesho yake alituambia amelala vizuri.

Mwezi wa Julai ulipofika na ile baridi yetu ya mawingu, ambapo kipimajoto kikishuka hadi nyuzi 11 watu wazima wa Loresho huvaa makoti mawili na marvini, shujaa wa theluji alidondosha majani yote. Mmea unaodhihaki nyuzi 34 chini ya sifuri ulisalimu amri mbele ya hali ya hewa inayomfanya mtoto wa shule aombe soksi ndefu. Vilibaki vijiti vikavu ndani ya beseni. Mke wangu alizunguka nyumba akitangaza: "Haijafa! Imelala! Mtu asiiguse!" Alimtangazia soja, akamtangazia mtu wa shamba, akawatangazia watoto na mpwa. Hakumtangazia shangazi yangu, kwa sababu shangazi alifika kutoka Murang'a bila kupiga simu, saa kumi na mbili alfajiri, akataka chai, akakuta gesi imeisha.

Shangazi hana tabia ya kuuliza vijiti vikavu ni vya nani. Alivivunja vyote kwa goti, akawasha jiko la makaa, na alipotuamsha chai ilikuwa tayari na tangawizi ndani. Mke wangu aliona beseni tupu kupitia dirisha la jikoni huku ameshika kikombe. Kwa heshima ya mama mkwe mdogo hakusema neno. Alikunywa ile chai mpaka ikaisha, akiitazama tu. Sijawahi kuona mtu akinywa mmea wake kwa utulivu namna ile.

Usiku alimpigia mdogo wake Minnesota. Alirudi chumbani uso umekunjuka.

"Anasema ndivyo inavyotakiwa. Kila mwaka hukata vijiti vya zamani, akaacha vifundo vya sentimita 10 au 15, chipukizi mpya zitoke chini."

"Kwa hiyo shangazi..."

"Nyamaza."

Na kweli zilitoka. Septemba jua liliporudi, chipukizi nene zikachomoza, tena nyingi, na kufikia mvua za vuli tulikuwa na kichaka cha majani mapana, chenye afya, kinachomfika mtu kiunoni. Tukakingoja kichanue. Kikanenepa. Tukakingoja. Kikatoa majani mengine. Krismasi ikapita. Hiyo kitu ya getini, hatua tatu kutoka pale, ilikuwa ikimwaga maua njiani kila jioni na soja akiyafagia, maana ua la haibiskasi huishi siku moja tu, hufunguka asubuhi, hujikunja likaanguka. Mke wangu alikuwa akiyakanyaga akienda kukagua kichaka chake kama kuna tumba.

Ndipo tukamwita Profesa. Ni mzee mstaafu anayeishi juu kidogo ya barabara yetu, aliyefundisha kilimo kampasi ya Kabete, ambayo kwa vijana wa mtaa huu ni mahali pa kukatiza ukielekea Uthiru. Hutembea jioni na fimbo, na anajulikana kwa kusimama mbele ya fensi za watu akitikisa kichwa. Alipita beseni bila kulitazama, akaenda moja kwa moja getini, akainua tawi la ile nyekundu kwa ncha ya fimbo.

"Hii mmeitunza vizuri," akasema.

Soja alitazama pembeni.

Profesa akaanza somo. Kwamba haibiskasi hizi za kawaida za bustanini zimechanganywa damu mara nyingi, na kwamba mmoja wa wazazi wanaotumiwa sana katika kuzichanganya ni wa kwetu: Hibiscus schizopetalus, yenye asili katika pwani ya Kenya na Tanzania. Ua lake huning'inia kichwa chini, petali zimechanikachanika na kupinda juu, na kati yake unashuka uzi mrefu mwekundu unaobeba chavua, umepita petali zote, unacheza na upepo. Joseph Hooker wa bustani ya Kew, London, ndiye aliyelipa jina hilo mwaka 1880. Wazungu walistaajabu. Ndege aina ya chozi hawakustaajabu. Walikuwa wakinywa mle kabla ya Kew kujengwa.

"Profesa," mke wangu akasema kwa upole uliokuwa unaisha, "mgonjwa ni huyu hapa."

Mzee akainama juu ya kichaka, akasoma kibao, akacheka hadi akashika fimbo kwa mikono miwili.

"Huyu si mgonjwa, Mama. Huyu anasubiri kiangazi."

Mimea hii, akatueleza, haisomi kalenda. Husoma urefu wa usiku. Moscheutos haifungui tumba mpaka ihisi siku imerefuka, saa 14 hivi za mwanga, usiku ukawa mfupi. Huko Minnesota mwezi wa Juni mchana hupita saa 15, kwa hiyo mmea hupata ishara yake, ukaanza kazi. Nairobi iko digrii moja na kitu tu kusini mwa ikweta. Hapa tofauti kati ya siku ndefu kabisa ya mwaka na siku fupi kabisa haifiki dakika 10. Kila siku ni saa 12 za mchana na dakika chache za bakshishi.

"Kwa hiyo kila asubuhi unaamka," alisema Profesa, "unauliza: kiangazi kimefika? Unaambiwa bado. Unaongeza jani moja, unalala. Utafanya hivyo mpaka ustaafu."

Nilikihurumia kichaka, nakiri. Kimepewa roho ya kuvuka majira ya baridi ya kuua, kikaletwa mahali pasipo na majira ya kuvuka. Kimenoa panga miaka yote, na vita vyenyewe havipo.

Mke wangu hakuhurumia. Aliuliza swali moja tu: "Na nikiiwashia taa?"

Profesa alinyamaza, nikaona kwamba swali limempendeza. Akasema hilo si wazimu hata kidogo. Baadhi ya mashamba ya maua hapa nchini huwasha taa usiku juu ya mimea inayopenda siku ndefu, jipsofila kwa mfano, kuidanganya ichanue. Hata si lazima taa iwake usiku kucha. Ukiukata usiku katikati, tuseme saa nne hadi saa nane, mmea huhesabu kwamba umelala usingizi mfupi mara mbili, ukaamini kiangazi kimefika.

Kesho yake fundi alipanda juu ya nguzo ya geti na balbu kubwa ajabu. Ilipowashwa usiku ule, tuliona mtaa wetu kwa mara ya kwanza. Tuliona shimo la barabara ambalo kila mtu alidhani liko upande ule mwingine. Kwenye WhatsApp mtu akauliza ni nani aliyehamishia uwanja wa Kasarani Loresho. Mwingine akasema jogoo wake amewika saa tano usiku na sasa amechanganyikiwa kabisa. Mita yetu ya tokeni, ambayo kwa kawaida hulia mwisho wa mwezi, ilianza kulia kila Ijumaa.

Yaliyofuata hakuna aliyeyapanga. Waendesha boda wawili, waliokuwa wakingoja abiria gizani kule kona, walisogea kwenye mwanga. Wakawa wanne. Wakawa saba, na benchi. Kijana mwenye mkokoteni wa smoki na mayai ya kuchemsha akaona wateja wamekusanyika, akaegesha, akaanza kukata kachumbari chini ya balbu yetu. Akaja mwenye kuchaji simu. Soja, ambaye kwa miaka alikuwa akisinzia na redio, alijikuta mwenyekiti wa kitu fulani. Nilimsikia usiku mmoja akiamua kesi ya deni la shilingi 150. Wizi wa taa za magari katika barabara yetu ulikoma. Kichaka nacho kilikuwa palepale ndani ya fensi, kimeoshwa na mwanga, kinasikiliza siasa.

Na kikadanganyika. Siku moja mke wangu alipiga kelele tukadhani nyoka. Tumba! Lilikuwa la kijani, limebana, mwanzoni dogo kabisa. Likavimba siku kwa siku mpaka ncha ikaonyesha wekundu. Akaanza mipango: mkono utakaotandazwa kando ya ua kwa ajili ya picha ulitiwa rangi ya kucha. Maneno ya kuandika chini ya picha yalikuwa tayari: "Mwaka huu halikufanya vizuri sana."

Asubuhi lilipofunguka tulikuwa Kirinyaga kwenye ruracio, sherehe ya mahari, ya binamu yake. Tulikuwa tumeondoka saa kumi na moja alfajiri, giza, na tumba lilikuwa bado limefumba. Soja alipiga simu saa mbili.

"Madam, imefunguka. Ni kubwa. Hata Profesa amekuja, ametoa kofia."

"Piga picha!"

Simu ya soja ni kabambe, ile ya vitufe, yenye kamera ndogo iliyowekwa kwa kutimiza ahadi. Alipiga. Kisha, kwa kuwa ilikuwa Jumamosi na usiku aliamua kesi nyingi, akaketi. Saa sita mchana alipiga tena, akanitafuta mimi badala yake, na sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Mzee. Kima amekuja."

Hawa kima wa upande wetu, wenye manyoya meupe shingoni, hupita juu ya miti ya mabondeni kutoka nyua hadi nyua, na hakuna fensi inayowahusu, si kayaba wala umeme. Huyu alishuka peke yake. Maua ya getini, kadiri ya ishirini yaliyokuwa wazi asubuhi hiyo, hakuyagusa. Alikwenda kwa mgeni, akalichuma ua kwa mikono miwili, akakaa juu ya nguzo chini ya balbu, akalila petali baada ya petali, akitema kitako. Soja alimrushia sapatu. Sapatu iliingia kwa jirani mwenye ukuta wa mawe, na hadi leo mazungumzo ya kuirudisha yanaendelea.

Mke wangu alibaki na picha ya kabambe. Ukiitazama kwa subira unaona kidole gumba cha soja, doa kubwa jekundu lililotikisika, na nyuma yake, ndani ya mwanga mzuri wa asubuhi, kali kama limechorwa, tawi la haibiskasi ya getini lenye maua manne. Aliituma Minnesota hivyohivyo. Jibu lilikuja usiku wa kwetu: "Hongera dada! Na hiyo nyekundu ya nyuma ni aina gani? Hapa hatuwezi kuipata, ikipigwa na baridi kidogo tu inakufa. Una bahati!"

Kwa siku mbili hakuzungumzia maua. Siku ya tatu alitazama mita, akatazama risiti za tokeni, akasema sasa basi, taa izimwe. Mmea ukitaka kiangazi ukitafute wenyewe. Jioni hiyo, kabla ya saa nne, geti liligongwa. Walikuwa waendesha boda watatu, kijana wa smoki akiwa bado amevaa aproni, na nyuma yao kidogo, akijifanya yuko upande wetu, soja.

"Madam," alisema mkubwa wao, helmeti mkononi, "maua ni yako, hilo hatubishi. Lakini taa imekuwa ya watu."

Mke wangu akafungua mdomo.

"Na hatujakuja mikono mitupu," akaendelea haraka, akitoa simu mfukoni. "Tumechanga. Hebu nipe namba ya mita."